Maua ya Mama Yanataka Giza

Nyinyi mliokulia Ruiru kabla ya magorofa, mnakumbuka giza lile? Siku zetu kule Mugutha, jua likizama limezama. Tulicheza kati, tukaruka kamba ya bladda, mpaka mpira hauonekani, ndipo mama zetu wanaanza kutuita kwa majina kamili. Kwetu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mama hakutaka taa yoyote nje. Ukiwasha ile ya mlangoni uende choo, utamsikia kutoka jikoni: "Nani ameamsha maua yangu? Zima!"

Maua yenyewe yalikuwa krisanthemamu, yale madogo ya manjano, kando ya ukuta wa jikoni. Mama alifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Juja, na huko ndiko alikojua kwamba ua hili halichanui bila usiku mrefu. Wakitaka lirefuke tu, wanaliwashia balbu usiku. Wakitaka lichanue, wanalifunika kwa nailoni nyeusi jioni mapema.

Mama alitupikia chai ya maua haya, lakini ya kazini hayakuingia kwenye sufuria yetu, hata akipewa shada zima. "Hayo yamepigwa dawa. Ni ya kuangalia." Aliomba vipandikizi, akavipanda nyumbani, akavipa maji na samadi ya sungura, basi. Umande ukikauka tunachuma. Anayaweka kwenye chujio juu ya maji yanayochemka, yapate mvuke kidogo, kisha tunayaanika kwenye ungo juani mpaka yavunjike ukiyagusa. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Ikifika saa ya kunywa ni maua machache kwenye kikombe, maji moto, funika, ngoja.

Nilikuwa nikinuna, woi! Nilitaka chai ya maziwa kama watoto wa watu. Halafu majirani walisema tunanyweshwa dawa ya viroboto, kwa sababu maua haya yana undugu na pareto. Baba hakujali. Kila Jumapili baada ya kanisa, yeye na mama walikaa kwenye ngazi ya jikoni wakinywa chai hiyo, bila maneno mengi. Baba alipofariki, mama aliendelea kukaa pale na kikombe chake.

Sasa gorofa imesimama karibu na ukuta wetu, na taa yake inamulika mpaka asubuhi. Maua yakarefuka, majani tele, ua hata moja hakuna. Nilienda kumwomba keateka, yule msimamizi wa gorofa, aizime. "Madam, nikizima, wezi watanishukuru," akanijibu. Mimi naishi mbali, Kamenu, siwezi kuwa Mugutha kila jioni kufunika mimea, na magoti ya mama hayakubali tena kuinama. Siku moja akaniambia, "Yang'oe tupande sukuma. Siku hizi usiku hakuna." Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Niliona kama ananiaga.

Binti yangu Wanjiku alikuwa pale. Hawa watoto wetu mnawajua: wanauliza pasiwadi ya waifai kabla ya kumsalimia shosho, nyanya yao, na stima ikipotea wanahema kama wako karibu kuaga dunia. Basi huyo huyo akainua macho kutoka kwa simu. "Shosho, usiyang'oe. Nitakuwa nikiyafunika mimi. Nitakaa hapa likizo yote." Mimi nilicheka. Nikasema moyoni, tutaona siku ya tatu.

Ngai, siku ya tatu alikuwa bado anafunika! Saa kumi na mbili kamili anatandaza nailoni nyeusi, asubuhi anaitoa, na mama amekaa kwenye kiti akimrekebisha: hapo mwanga unaingia, vuta, usivunje shina. Watoto wa gorofani wakaja kuchungulia, nao wakapewa kona za kushika. Kabla ya Krismasi yakachanua.

Tuliyachuma pamoja, tukaanika. Mama alikunywa kikombe chake polepole, akakitua kando, nami roho mkononi. Kisha akasema, "Kesho tukate vipandikizi vingine. Shule zikifunguliwa, hawa wa gorofani watanifunikia."

Sisi giza tulilipata bure na bado tulilinung'unikia. Hawa wanalitandaza kwa mikono yao kila jioni, kwa ajili ya shosho mmoja. Sitawacheka tena. Haya, nitawacheka, lakini kidogo.