Magoti ya Kuazima

Kule Kamina, mjini kwetu, walisema sitapanda ndege mara ya pili. Jirani yetu, ambaye mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko reli, alimwambia bibi mbele ya watu: "Mama, uyu mutoto alikojoa mu ndege ya serikali. Ingine ataona tumbo yake tu, ikipita kule juu." Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka sita. Kicheko kile nilikibeba darasani mwaka hata mwaka, mpaka nikapata diploma ya uhandisi ng'ambo, bila mjomba wa kunishika mkono. Uniwie radhi, rafiki yangu, nikijisifu. Nisipojisifu mimi, nani atakuambia?

Mwezi uliopita nilikuwa narudi nyumbani kwa ndege ya kutoka Lubumbashi. Kiti changu kilikuwa mbele, dirishani, nimekichagua mwenyewe. Nilitaka kuona shamba la bibi kutoka juu. Bibi alishatutoka, na nilikuwa nimeambiwa kwamba shamba linakatwa viwanja. Kuliona zima, hata kwa dakika moja, hilo tu ndilo nililotaka.

Kando yangu akaketi mama kijana, machozi yanamtoka. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa amepangiwa safu ya nyuma kabisa.

"Mama, kila mutu na namba yake," msichana wa ndege akamwambia. "Mashine njo ilipanga."

"Mashine ilizalaka mutoto?" mama akamuuliza.

Zamani hakukuwa na mashine. Aliyepanga alikuwa ajida, askari mwenye cheo pale Base, kambi ya jeshi ya Kamina, na mizani ya magunia. Bibi alikuwa akiwauzia wake wa askari samaki wakavu wa Kinkondja. Kila Jumamosi nilimfuata nyumba kwa nyumba, huku milango yote ikinuka sombe ya majani ya mihogo na mafuta ya mawese, na redio zikiimba lugha za Kongo nzima. Kwa heshima ya samaki wale, ajida alitupa nafasi katika ndege ya askari, twende Lubumbashi kumwona mtoto mchanga wa shangazi. Alitupima mmoja mmoja kama mahindi: wazito mbele, wepesi nyuma. Bibi alikuwa na mwili wa kutosha.

"Mama, mbele! Weye, kilo kumi na nane, nyuma na makuku!"

Hatukuwa na viti, ila benchi mbili ndefu ubavuni. Injini ziliponguruma nililia hadi kuku wakanyamaza. Hapo wake wa askari waliosafiri nasi benchini wakafanya walivyozoea kufanya, bila kumwomba ajida ruhusa: wakanipitisha goti kwa goti kuelekea mbele. Wa kwanza alinukia sabuni. Wa pili alinitia karanga mdomoni. Nilipofika kwa wa tatu, mke wa sajini, ndege ikaruka, na hofu ikanishinda. Kitenge chake kipya kililowa chote. Alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Haina neno, papa. Nakukopesha magoti. Siku yako utalipa."

Kisha nikawa mikononi mwa bibi. Tangu siku ile alikuwa akisema, "Kiti iko ya serikali, magoti iko ya bantu," yaani ya watu.

Sitakudanganya: nilikawia. Nilitazama dirisha, nikamtazama mama yule, nikalitazama dirisha tena. Nyuma mtoto alikuwa anaita.

"Mulete hapa," nikasema.

"Na dirisha yako, papa?"

"Miye niliona mingi."

Nikaenda kubanana nyuma, pasipo dirisha, kati ya mfanyabiashara aliyelala na mama mwenye mtoto mchanga. Huyo hata hakuniuliza. "Shika, papa, nifunge kilemba," akasema, na mtoto akawa juu ya magoti yangu. Kilemba kile kilifungwa mpaka Kamina. Tulipoanza kushuka nikasikia sauti ndogo kule mbele: "Mama, angalia, mashamba!" Nikanyoosha shingo, nikaona visogo vya watu tu. Ndipo nikahisi joto likienea taratibu kwenye suti yangu, ile ile niliyopokelea diploma.

"Aa, papa! Pardon, pardon!"

Nikacheka mpaka mabega yakatikisika.

Shamba nililikuta limejaa vigingi, hata matuta ya bibi ya mihogo hayajulikani yalipokuwa. Mizani ya ajida haipo, benchi zile hazipo. Wale mama walihamishwa na waume zao kila upande wa nchi hii. Nikiwatafuta, nitaanzia wapi?

Lakini siku ile niliposhuka, pale uwanja wa ndege, jirani yetu alikuja kunipokea. Amezeeka, anatembea na fimbo, macho bado makali. Akanikagua kuanzia kola, akashuka, akafika kwenye suruali.

"Eh! Weye? Tena?"

"Tena, papa," nikamwambia. "Leo nimewalipa wale mama wote."