Ini la Mtu Asiyekunywa

Mume wangu hakuwahi kuonja pombe. Nasema hili mwanzo kabisa kwa sababu wapo watu hapa Mohoro ambao mpaka leo wanaamini vingine, na kwa muda fulani mmoja wao nilikuwa mimi.

Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu. Tulipooana alikuwa mwembamba, mtu wa kubeba gunia begani mwenyewe. Kazi ilipokaa sawa akapata wabebaji, yeye akawa wa kukaa kwenye kiti na kupokea wateja. Akanenepa. Kwetu hakuna aliyeona ubaya. "Umependeza," walimwambia, na mimi wakanisifu kwamba namtunza. Nilimtunza kweli. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa iliyokolea sukari, mchana wali wa nazi, usiku wali tena, na soda baridi kila alipotoka kazini. Kila mwaka nilimshonea kanzu ya Idi, na kila mwaka nilipanua shingo yake.

Kukoroma kulikuja na unene. Mwanzoni tulicheka. Watoto walikuwa wakimwigiza asubuhi, naye anacheka nao. Kisha kukawa na kitu kingine ambacho sikumwambia mtu: katikati ya kukoroma sauti ilikuwa inakatika ghafla. Kimya. Kifua kinapanda lakini hewa haiingii. Halafu anashtuka kwa kishindo, kama mtu anayeibuka kutoka majini, na kukoroma kunaanza upya. Niliona ni jinamizi. Nilimsomea dua, nikampulizia, na baada ya miezi kadhaa nikahamia chumba cha watoto kwa sababu na mimi nilihitaji kulala.

Mchana ndio ulioanza kutuumbua. Mama mmoja alikuja barazani akiwa amejaa pumba mpaka kwenye nyusi. "Dada, mumeo kalala na mpunga wangu unamwagika chini." Alisema huku anacheka. Wiki iliyofuata akaja mwingine, huyo hakucheka. Mume wangu alikuwa anasinzia akipokea wateja, anasinzia akila, anasinzia kwenye hotuba ya Ijumaa mpaka wa pembeni wanamgusa. Kila asubuhi aliamka na kichwa kinamuuma. Nikimuuliza anasema, "Mke wangu, nalala lakini sipumziki."

Siku moja alisinzia akiwa amesimama karibu na mashine. Mkono ukaenda kwenye mkanda. Ulimchana kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyemkimbiza zahanati, akashonwa, na kaka akarudi kwangu na neno moja tu: "Shemeji alikuwa anasinzia hata sindano inaingia. Mtu mzima hasinzii hivyo."

Sikumwelewa wakati ule, au sikutaka.

Baadaye kidogo akaanza kulalamika uzito upande wa kulia, chini ya mbavu, na uchovu usioisha. Tukapanda basi kwenda Kibiti, mimi, yeye na kaka. Walimpima damu na kumpiga picha ya ultrasaundi. Daktari alikuwa na foleni ndefu, hakukaa nasi sana. Alisema homa ya ini hana, lakini ini lina mafuta mengi na limeanza kukakamaa. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Mzee, unakunywa pombe kiasi gani kwa siku?"

"Sinywi."

"Niambie ukweli ili nikusaidie."

"Sinywi, daktari. Sijawahi."

Daktari aliandika kitu. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona anavyomwangalia mume wangu. Njia nzima ya kurudi, mpaka tunapita Nyamwage, mume wangu alikuwa amelala ameegemea dirisha, mdomo wazi.

Sijui kaka alimwambia nani. Kabla ya mwezi kuisha mji wote ulikuwa na jibu. Kumbe ndiyo maana anasinzia. Kumbe ndiyo maana mashine ilimkata. Wateja wakaanza kupeleka mpunga kwa mwingine. Msikitini hakuna aliyemfukuza, ila nafasi yake ya safu ya mbele, aliyokuwa akiachiwa siku zote, ikawa inakaliwa na wengine.

Na mimi nilipekua. Aliposwali alasiri nilifungua sanduku lake la nguo, nikapapasa chini ya godoro, nikanusa kikombe chake, nikanusa hata kanzu zake kabla ya kufua. Nilikwenda mpaka kwenye banda la mashine nikainua magunia matupu moja moja. Sikupata chochote, na kutopata hakukunituliza. Nilijiambia anaficha vizuri.

Siku moja mchana watoto wakiwa shuleni nilichukua msahafu, nikauweka kwenye mkeka mbele yake.

"Niapie," nikamwambia.

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alikwenda kutawadha, akarudi, akaweka mkono wake wenye kovu juu ya msahafu, akaapa kwamba tangu azaliwe hajaingiza pombe mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alipomaliza akasema, "Kumbe na wewe uko pamoja nao." Akatoka.

Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za hospitali. Kila niliposema twende akaangaliwe, alijibu, "Niende nikaulizwe tena mbele ya watu?" Ikapita zaidi ya mwaka. Miguu ikaanza kuvimba. Mikono na mashavu vikakonda, tumbo likabaki kubwa na gumu. Siku weupe wa macho yake ulipogeuka njano hakuwa na nguvu tena za kukataa.

Mara hii Kibiti tulipokelewa na daktari mwingine, binti mdogo, wa umri wa kuwa mwanetu. Alimwamkia shikamoo kabla ya kushika karatasi. Alisoma vipimo vya zamani, akamwuliza kuhusu pombe, mume wangu akasema hapana, na yule binti akasema, "Sawa, mzee wangu." Basi. Aliandika hapana. Nilimwona mume wangu anainamisha kichwa.

Kisha akanigeukia mimi. "Mama, baba anakoroma?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamweleza yote: kukoroma, sauti inavyokatika, anavyoshtuka, kusinzia mchana, mashine. Alichukua utepe akampima shingo, akaguna. Akatueleza taratibu. Alisema kuna watu ambao wakilala koo hulegea na kuziba, pumzi ikakatika mara nyingi mno kila usiku, na wenyewe hawajui. Hewa hupungua kwenye damu. Mwili haupati usingizi wa kweli, ndiyo maana mtu anasinzia mchana kutwa. Na ini, kama tayari limejaa mafuta kwa sababu ya unene na sukari, linapokosa hewa usiku baada ya usiku huzidi kuumia.

"Sisemi kukoroma peke yake ndiko kulikoleta haya," alisema. "Uzito upo, na sukari yake iko juu. Lakini haya mambo yanashikana, moja linalivuta jingine. Ini la namna hii wanalipata watu ambao hawajawahi kuonja pombe. Nawaona kila wiki."

"Kwa nini yule wa kwanza hakuniuliza kuhusu kukoroma?" mume wangu aliuliza.

"Ilipaswa uulizwe, mzee wangu. Pole."

Nikauliza kuhusu dawa. Alisema ipo mashine ya kusukuma hewa puani mtu akilala, inapatikana Dar es Salaam, na kwamba kupungua mwili mapema kungesaidia ini sana. Alisema kungesaidia. Nilisikia alivyolitamka neno hilo. Alituandikia rufaa. Dar es Salaam walimtoa maji tumboni, wakampa dawa, wakasema ini limekwisha kuwa kovu tupu, na mashine ya hewa isingelirudisha. Tukarudi nyumbani.

Miezi ya mwisho ilikuwa na adhabu ambayo hatukuitarajia. Binti wa Kibiti alikuwa amenionya: ini likishindwa kusafisha damu, sumu hupanda kichwani. Mume wangu akaanza kuongea kwa ulimi mzito. Mikono ikawa inatetemeka. Alipepesuka akienda msalani, akasahau majina ya watoto, akavaa kanzu nje ndani. Siku moja alitoka peke yake, akafika karibu na soko, akakaa chini katikati ya njia. Nilipomfikia watu walikuwa wamesimama wanamwangalia. Yeyote asiyejua angesema amelewa. Walisema. Niliwasikia nikimwinua, na mwanamume mmoja tu ndiye aliyekuja kunisaidia.

Kaka yangu nilimweleza alichosema daktari. Alijibu, "Madaktari siku hizi wana maneno mengi." Alikuja mara chache, akikaa karibu na mlango.

Asubuhi moja akili ilimtulia. Aliomba aogeshwe, akaomba uji, akaniuliza mvua imenyesha kiasi gani na kama mashamba ya bondeni yamepata maji. Niliona hiyo ndiyo nafasi. Nikamwambia, "Nisamehe kwa kile kiapo." Alinitazama kwa upole. "Kiapo gani?" Nikamkumbusha: mkeka, msahafu, maneno aliyoniambia. Alifikiri, akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha akatikisa kichwa. "Hujanifanyia kitu, mke wangu." Sijui kama alinisamehe au alikuwa amesahau. Siku ya nne baada ya hapo alitapika damu nyingi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka.

Kwenye matanga, siku ya pili, nilimsikia mwanamke mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba Mungu amsamehe marehemu kwa ile tabia yake. Nilikuwa nimekaa na kaniki yangu ya eda, sikutakiwa kusema mengi. Nikasema. Niliwaeleza wanawake wote waliokuwa chumbani kuhusu koo linaloziba, hewa inayokatika, mafuta kwenye ini, na sumu inayompanda mtu kichwani akaonekana mlevi. Niliwaambia pia kwamba nilipekua nguo zake na nikamwapisha. Sauti yangu haikuwa nzuri. Wengine walilia, wengine waliangalia mkeka, na yule aliyenong'ona aliaga mapema.

Watu walipopungua, jirani yangu mmoja alisogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini yule daktari wa Kibiti anapatikana siku gani. Mumewe anakoroma, alisema, na wakati mwingine sauti inakatika. Nikamwelekeza jengo, mlango na siku zake.