Hapo Penye Mama

Mimi ni mtu wa ndani. Jeddah nimezaliwa, na bado kwenda Balad, mji wake wa kale wenye masoko, kwangu ni safari ya kuitafakari siku nzima. Mtu huyo ndiye aliyeomba kuhamia Kanada, kwa kuchoka kuomba ikama, kibali cha ukaazi, upya katika mji aliozaliwa. Kifaransa changu kilikuwa cha kati, na kama ningekipandisha kwa mtihani, ombi langu lingepata nguvu. Basi kila alasiri nilijizoeza kuielezea familia yangu kwa Kifaransa, kwa sauti, mama akinisikiliza huku anachagua mchele.

"Hebu tukusikie, Mfaransa asiyejua njia ya sokoni," alinitania.

Neno moja tu alilikamata, *maman*, kwa kuwa lafanana na letu.

"Hapo penye mama rudia, mwanangu. Patamu hapo."

Nikarudia, ulimi ukiteleza vizuri kuliko siku zote: mama yangu ni mjane, ombi langu halimchukui, atabaki Jeddah peke yake.

"Umenisifu?"

"Sana, mama."

Akacheka, akanimiminia kahawa.

Mtihani nilifaulu. Swali la familia nililijibu bila kukwama hata pahala pamoja.