Baba Aliruka Amani

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu huko Usevya, na alikuwa mtu wa utaratibu mpaka unachoka naye. Padre alitufikia mara chache, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada aliongoza baba, na hakuruka kitu. Hata matangazo aliyasoma yote, pamoja na lile la mbuzi aliyepotea ambaye kanisa zima linajua ameshapatikana. Tukimuuliza, "Baba, yule mbuzi si yuko nyumbani kwao?" anajibu kwamba tangazo limeletwa ili lisomwe. Huyo ndiye baba, na nataka ajulikane hivyo kabla sijasema alichofanya mwaka ule kaka yangu alipouawa.

Kaka aliuawa kwenye majaruba yetu. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, na ng'ombe wakaingia. Akaenda kuwatoa. Aliyekuwa anachunga ni kijana wa rika lake, mtoto wa familia ya Wasukuma waliohamia kwetu na mifugo yao nilipokuwa shule ya msingi. Walijuana vizuri, walikuwa wanacheza mpira timu moja. Wakatukanana, fimbo zikainuka, moja ikampata kaka kichwani. Kijana akakimbia siku ileile. Polisi walimtafuta, ndugu zake walimtafuta, na mpaka leo hajaonekana.

Zahanati walisema tumpeleke Mpanda haraka. Tukapata gari. Njia ya kwenda Mpanda inakata katikati ya hifadhi, na wanaoijua wanajua mbung'o wa mle wanavyoingia hata ukifunga vioo. Kaka alikuwa amelalia mapaja ya mama. Hatujafika Sitalike akakata roho. Niliona, na mama aliona. Hatukumwambia dereva. Mama akaendelea kumpungia khanga usoni, anafukuza mbung'o, upande huu na upande huu. Nikamwambia, "Mama, acha." Akasema, "Wanamuuma." Alimpungia hivyo mpaka tukaingia mjini.

Nimeishi na picha hiyo miaka yote, na sijapata pa kuiweka.

Msibani watu walituambia yale yanayosemwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema, na ni kweli. Ila kulikuwa na mzazi mwingine ambaye hakuna aliyemwambia hivyo. Familia ya yule kijana ilihama na ng'ombe wao kabla hatujamaliza matanga, lakini mama yake alibaki. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, hakuweza safari ya kuswaga mifugo, na isitoshe alisema wazi kwamba akiondoka, mwanawe akirudi atamkuta nani. Alibaki peke yake na shamba lake la mahindi. Na kwa kuwa alikuwa anasali kigango chetu siku zote, aliendelea kuja. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Nilimchukia kwa kuja. Angekaa kwake ningemchukia kwa kujificha. Hakuwa na njia ya kunipendeza.

Jumapili ya kwanza baada ya kumzika kaka, baba aliongoza ibada mwenyewe. Wazee wa kanisa walimwambia apumzike, akakataa. Alisoma, akafundisha kidogo, sauti haikutetemeka. Tukasali Baba Yetu. Baada ya hapo, kama kila mtu ajuavyo, kiongozi anasema, "Mtakiane amani," watu wanageuka, wanapeana mikono, kwaya inaimba. Tayari watu walishaanza kusogea kwenye mabenchi. Kwaya walishavuta pumzi. Baba akapita pale kana kwamba pale hapapo, akaendelea na kinachofuata. Mikono iliyokuwa imeanza kunyooshwa ikarudi kwa wenyewe.

Watu walidhani amesahau, mtu na msiba wake. Jumapili iliyofuata akaruka tena. Na iliyofuata. Msimu ule wote wa mpunga kigango chetu kilisali bila amani. Mimi nilifurahi. Nilijua anaruka kwa sababu ya yule wa benchi la mwisho, nikaona sasa baba na mimi tuko upande mmoja.

Wazee wa kanisa walimfuata nyumbani, wakazunguka weee, mara mvua, mara bei ya mbolea, wakaondoka bila kulisema. Aliyelisema ni bibi mmoja jirani yetu, mwenye mdomo wa kutosha kijiji kizima. Alimkamata baba mlangoni mwa kanisa: "Katekista, matangazo ya mbuzi unasoma, amani unaruka?" Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, maana baba hakucheka.

Siku hiyo mama alimwambia jikoni, nami nipo napepeta mchele. "Unawanyima watu amani kwa ajili ya msiba wetu."

"Nikisema mtakiane amani, watu watatazama mkono wangu unaenda wapi," baba akasema. "Na mkono wangu hauwezi kwenda kule. Sasa niwaamrishe watu jambo ambalo mimi mwenyewe nalikwepa?"

"Basi omba upewe huo mkono."

"Naomba," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa upande wangu. Nilidhani anaruka kwa hasira, kumbe anaruka kwa sababu hataki kusema uongo mbele ya madhabahu. Nikaendelea kupepeta mchele ambao ulishakuwa safi.

Mavuno yakaja, yale yaliyobaki. Kwetu baada ya mavuno watu hupeleka sadaka kanisani, kila mtu na alichopata, wanapanga mstari na kuimba, na baba ndiye anayepokea vyote mbele, kimoja kimoja. Miaka mingine sisi tulipeleka gunia. Mwaka ule mama alipeleka ndoo, tena haikujaa. Akamkabidhi baba mpunga ule wa shamba lilelile, wakatazamana kidogo, akarudi kukaa.

Yule mama alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alibeba beseni la mahindi, na kwa miguu ile alikuwa anatembea polepole mno. Wimbo ukaisha hajafika. Kwaya hawakujua waanze mwingine au vipi, kwa hiyo alitembea kipande kilichobaki kanisa likiwa kimya, tunasikia kandambili zake. Akafika. Baba akanyoosha mikono akashika beseni. Yeye hakuliachia, na baba hakulivuta. Wakabaki wamelishika wote wawili.

Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ule ukimya ulitufikishia wote, "Baba katekista, na mimi sina mtoto."

Nilimwona baba kidevu kinacheza. Kisha huyu mtu wa utaratibu, ambaye hakuwahi kutanguliza wimbo wala kuchelewesha sala, akasema mahali pasipo pake kabisa, kabla hata ya Baba Yetu: "Mtakiane amani."

Hakuna aliyejua la kufanya. Mwalimu wa kwaya alikuwa anafunua madaftari. Watu wakatazamana, mpaka yule bibi mwenye mdomo alipogeuka na kumpa mkono jirani yake, na kanisa zima likafuata. Baba aliliweka beseni chini, akapangusa mikono kwenye kanzu yake, akampa mkono yule mama. Mama yangu alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilitoka nje, nikasimama pale zilipoegeshwa baiskeli mpaka ibada ikaisha.

Tangu siku ile amani ilirudi mahali pake. Kila Jumapili, akishasema "Mtakiane amani," baba alikuwa anashuka na kwenda moja kwa moja mpaka benchi la mwisho kabla ya kumpa mtu mwingine mkono. Anainama, anamwambia yule mama neno, yule mama anajibu neno, baba anarudi. Tulidhani ni "Amani ya Bwana", kama tunavyoambiana wote.

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu amani. Wahubiri wanasema ukisamehe mzigo unatua, unalala usingizi, hata chakula kinakuwa kitamu. Labda ni kweli kwao. Baba yangu alimpa yule mama mkono kila Jumapili, na kila Jumapili mchana alishindwa kula. Mama alikuwa anamfunikia sahani yake, wali na dagaa au wali na maharage, na sahani inakaa pale mezani mpaka inapoa. Jumatatu anakula vizuri tu. Watu walimsifu, wageni kutoka parokiani wakamtolea mfano, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona ile sahani.

Nilimuuliza siku moja, nimekasirika, maana nilikuwa nimepika mimi. "Baba, amani yenyewe huna. Unaitoa wapi?"

"Si yangu, mwanangu," akasema. "Imeletwa ili itolewe."

Nikakumbuka tangazo la mbuzi, nikataka kucheka, nikalia.

Baadaye niliolewa huku Mpanda mjini. Naishi Kawajense, nashona nguo, na kanisani kwetu huku tuko wengi, unampa mkono aliye karibu, asiyekujua, yakaisha. Nilipenda hivyo. Nikienda Usevya kusalimia nilihakikisha narudi Jumamosi.

Baba amefariki mwaka huu, mvua zilipokatika. Moyo, walisema hospitali. Nilibaki na mama baada ya matanga, na Jumapili ilipofika sikuwa na kisingizio. Tukakaa benchi la mbele tulilokaa siku zote. Aliyeongoza ni katekista mpya, mwalimu wa shule, kijana mpole anayesoma haraka. Tukasali Baba Yetu. Akasema, "Mtakiane amani."

Watu wakageuka. Nami nikageuka, na nikamwona yule mama kule mwisho. Amezeeka. Alikuwa amesimama, ameegemea benchi, na mkono ameshaunyoosha, macho yanatazama njia ya katikati ambako baba alikuwa anatokea. Ni mazoea tu. Halafu akakumbuka. Akaurudisha mkono polepole, akauingiza ndani ya khanga.

Mama yangu siku hizi magoti hayamruhusu. Alinitazama. Nilikasirika kwanza. Moyoni nikamjibu kwamba mimi si katekista, kwamba mimi ndiye niliyekuwa kwenye lile gari pamoja naye na kaka, kwamba mbung'o wale niliwaona. Kisha nikainuka.

Njia ile ni fupi, nikashangaa, nilidhani ni ndefu. Nilimpa mkono. Aliishika mikono yangu yote miwili kwa mikono yake, migumu kwa jembe, akanitazama kama mtu anayesubiri.

"Baba yako alikuwa ananiuliza," akasema.

"Alikuwa anakuuliza nini, mama?"

"'Amerudi?' Kila Jumapili ananiuliza, 'Amerudi?' Mwanangu. Nyie wengine wote hakuna aliyeniuliza."

Kwaya walikuwa wanamalizia wimbo. Watu walianza kurudi kwenye mabenchi yao, na katekista mpya alikuwa ananisubiri mimi tu. Niliwaza habari ya baba yangu, anainama pale kila Jumapili, anamuulizia mtu aliyemuua mwanawe, kisha anarudi nyumbani kukaa mbele ya sahani iliyofunikwa. Machozi yalinitoka nikashindwa kuyafuta, maana mikono yangu alikuwa nayo yeye.

"Amerudi?" nikamuuliza.

"Bado, mwanangu," akasema. "Bado."