Sauti ya Marehemu Darasani

Neno usonji sikulijua mwaka ule wa tisini na kitu nilipohamishiwa Garissa kutoka Taita. Nilipewa darasa la pili. Mwalimu aliyewafundisha watoto hao mwaka wa kwanza alikuwa amefariki.

Likizo ya Desemba, mama mmoja mchuuzi wa maziwa ya ngamia, jirani wa shule, aliniletea binti yake. Haongei, alisema, na mahali pageni hugonga kichwa ukutani.

"Watu nasema iko na jini. Mimi nasema ni mtoto tu. Mwalimu, wacha azoee darasa kabla ya wengine kuja."

Basi kila alasiri nilifungua darasa tupu. Mwanzoni binti aliishia mlangoni, akipapasa bawaba, nami nikimwambia asiogope, akae popote anapotaka. Baadaye akaanza kuingia mwenyewe, mimi na mama yake tukamngoja nje kivulini.

Alasiri moja nikasikia mwanamume ndani. Sauti ya kukwaruza, yenye kikohozi, inayotamka v kama f.

"Fungeni mlango, fumbi linaingia. Fitabu juu ya meza."

Mama aliacha kuvuta tasbihi. "Huyo ni mwalimu aliyekufa," alinong'ona.

Nilichungulia dirishani. Alikuwamo binti peke yake, mbele ya ubao, macho kwenye mabati ya paa, na sauti ile ya mzee ikimtoka kinywani. Alikohoa, akanyamaza, kama anayengoja wanafunzi watii.

"Mtoto alikuwa anasimama pale kwa ua kila asubuhi," mama alisema baadaye, akionyesha ua wa miiba kati ya boma lake na darasa. "Nilidhani anaangalia mbuzi."

Nilielewa: alikuwa akimsikiliza marehemu akifundisha.

Shule ilipofunguliwa, watoto waliingia kwa kishindo. Binti aliziba masikio, akaanza kuyumba. Niliwanyamazisha, hawakunisikia. Ndipo ile sauti ikasema, "Fitabu juu ya meza."

Kimya. Wote waligeuka kutazama mlangoni, si kumtazama yeye. Mmoja alilia. Kisha, taratibu, vitabu vikatoka. Binti akashusha mikono, akaketi, na mwaka mzima hakugonga kichwa.

Muhula wa pili, nikipita sokoni, nilisikia nyuma yangu mwanamke akisema, kwa Kiswahili cha kwetu Taita, "Usiogope, kaa popote unapotaka." Ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Niligeuka. Binti alikuwa amechuchumaa kando ya madumu ya maziwa, akiyaambia hayo.

"Sasa ni wewe," mama yake alisema.

Sikujua nicheke au niondoke haraka. Nikanunua maziwa.