Mzinga Juu ya Mfuniko wa Dereva

Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025, Mathias Mhando, fundi simu mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alitia saini kwenye daftari la vifurushi katika posta ya Korogwe na kukabidhiwa kisanduku chenye picha ya kifaru cha vita. Ndani mlikuwa na vipande tisini na viwili vya plastiki ya kijani. Vikiunganishwa vyote, kifaru hicho hakifikii urefu wa kalamu.

Kwa miaka sita Mathias na rafiki yake Jabiri, mwalimu wa fizikia huko Handeni, wamekuwa wakipigana vita juu ya meza. Jabiri hupanda basi Jumapili asubuhi na askari wake ndani ya ndoo ya rangi, na hadi alasiri wawili hao hurusha kete na kupima mwendo wa vikosi kwa futi ya fundi cherehani. Mwaka huu walichagua vita vya Kagera. Jabiri alichukua upande wa wavamizi, Mathias akachukua wa kwetu. Alihitaji kifaru cha Kichina kama walivyokuwa navyo askari wetu, lakini alichokipata mtandaoni kilikuwa cha Kirusi, ndugu yake wa karibu. Kukigeuza kulikuwa kazi ya wembe, msasa na gundi.

Katikati ya Agosti baba yake, Mzee Habakuki, aliletwa kutoka Sindeni kusubiri upasuaji wa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga tu, bila sura za watu. Mchana alikaa kwenye kiti cha wateja katika kibanda cha mwanawe, akisikiliza msasa.

"Unasugua nini siku tatu?"

"Mchezo tu, baba. Kifaru cha Kagera."

Mzee akanyoosha mkono. Alikipitisha kidole gumba juu ya kichwa cha kifaru, ile sehemu inayozunguka na kubeba mzinga, akakisimamisha upande wa kulia.

"Hapa panatakiwa uyoga."

"Uyoga?"

"Tundu la hewa. Lina kofia kama uyoga, mbele ya mfuniko wa mpakia makombora. Bila hilo mnakufa kwa moshi wenu wenyewe."

Mathias aliangalia picha kwenye simu. Ilikuwa kweli. Maisha yake yote aliambiwa kwamba baba yake alipika chai katika vita vile, nishani ilikaa sandukuni chini ya mashuka, na aliyeuliza alijibiwa, "Nilikuwa jikoni." Sasa alichukua ushanga, akausaga nusu, akaubandika mahali kidole kilipokuwa.

Siku ya pili mzee alipapasa nyuma.

"Hili ni gogo?"

"Gogo la kujikwamulia kwenye matope. Vyote vinabeba."

"Toa."

"Baba, kwenye picha lipo."

"Siku ile hatukuwa nalo. Tulilipasua kuni asubuhi. Tulitaka chai." Akaligusa tena gogo. "Mimi ndiye niliyeshika shoka."

Mathias alilitoa gogo. Wembe ulimteleza, ukamkata kidoleni.

Jumapili Jabiri alifika na ndoo yake. "Shikamoo mzee. Huyu fundi wako nimekuja kumzika leo."

"Marahaba, mwalimu. Zika taratibu."

Jabiri alikiinua kifaru, akajaribu kukizungusha kichwa. "Kizuri. Usikigandishe tu, maana kanuni zinasema mzinga lazima ugeuke."

"Kigandishe," alisema mzee. "Mzinga uelekee kushoto kidogo. Chini. Juu ya mfuniko wa dereva."

Jabiri alicheka. "Kitapigana kwa kutazama pembeni, kama bi harusi anayepigwa picha? Mzee, mimi nitakipita nyuma nikipige huku nakunywa soda."

Mathias, ambaye kwa wiki mbili alikuwa amekiunganisha kipande kwa kipande, aliushusha mzinga hadi mahali alipoambiwa. Alijua kwa mikono jinsi mfuniko wa dereva unavyofanya kazi. Hunyanyuka kwanza, ndipo uzunguke pembeni. Mzinga ukiwa hapo, haunyanyuki.

"Baba, dereva alikuwa nani?"

"Sharifu."

"Sharifu gani?"

"Wa Mashewa. Baba yake Kudra."

Jabiri aliirudisha kete mezani bila kuirusha.

Kila baada ya mavuno gunia moja la mahindi hutoka Sindeni kwenda Mashewa, kwa Kudra. Mathias amelipeleka tangu akiwa darasa la sita. Alimwita Kudra dada, akiamini kuna undugu upande wa bibi. Kudra ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa baba yake akiwa vitani.

Mzee alieleza kwa maneno machache, uso ukiwa umeelekea kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa mwaka 1979, kwenye bonde la matope ng'ambo ya mpaka. Kifaru kilizama pua, na mlango wa chini ukawa ndani ya tope. Umeme ulikatika. Yeye alikuwa mpiga mzinga, na mzinga alikuwa ameuacha kushoto.

"Kuna mkono wa kuzungushia kichwa, umeme usipokuwepo," alisema. "Ni mizunguko mingi, lakini upo. Sharifu alikuwa anagonga. Maji yalinifika magotini, nikatoka."

"Wakaambiwaje Mashewa?"

"Bomu. Papo hapo, hakuhisi kitu. Nilikwenda kumwambia mama yake Kudra mwenyewe. Alinipikia wali."

Jabiri aliondoka na basi la mapema. Hawakucheza.

Jioni mzee alisema anataka kwenda Mashewa kumwambia Kudra mwenyewe. Mathias alijaribu kumchelewesha. "Upasuaji ni Jumanne, baba. Tungoje upone, ndipo twende, kama ni lazima."

"Tutakwenda kabla."

"Utakuwa huoni."

"Ndiyo."

Mathias alikaa na kifaru mkononi. Bila gundi, kilikuwa bado cha mchezo: angeweza kukigeuza kichwa mbele kwa kidole kimoja, na gunia likaendelea kwenda Mashewa kila mwaka. Baba yake alikuwa amekaa, kiganja wazi juu ya goti, akisubiri kupewa. Mathias alidondosha tone moja chini ya kichwa, akashikilia hadi kikakamaa, kisha akakiweka kwenye kiganja hicho. Mzee alijaribu kukizungusha. Hakikuzunguka.

Mathias alimpigia simu Kudra. Alifurahi, akasema atachinja kuku, akauliza kama gunia la mwaka huu linakuja mapema.

Jumatatu saa mbili asubuhi wanapanda basi la Mashewa. Kudra anajua kwamba wanakuja wawili. Hajaambiwa wanaleta nini.