Nilisema Bimu, Wakasikia Bima

Leo nimefukuza wagonjwa kwa neno moja, na wala sikukusudia.

Mnajua kazi yangu hapa Nyeri ni kupima bimu, ule mkondo wa elektroni ndani ya mashine ya kutibu saratani, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Asubuhi kipimo kikasoma chini sana. Nikatoa kichwa mlangoni, nikamwita mwenzangu Mutua kwa sauti: "Kuja uone, bimu imekataa!"

Nikarudi ndani.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Mutua amehamia juzi kutoka Mombasa, na kwa mazoea alikuwa ameweka presha ya hewa ya pwani kwenye hesabu ya kipimo. Huku mlimani hewa ni nyepesi, jameni, ndiyo maana kipimo kilisoma chini! Tukarekebisha, kipimo kikakaa sawa.

Nikatoka kuita mgonjwa wa kwanza.

Benchi ya wagonjwa hapo nje ya mlango, tupu.

Nikawapata karibu na geti, shosho mmoja, bibi mzee wa Karatina, akiwa mbele na kiondo chake.

"Shosho, mnaenda wapi?"

"Tunarudi nyumbani. Si wewe umesema ati bima imekataa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamweleza kwamba bimu ni ya mashine, na sasa iko sawa. Wakarudi polepole, na wote wakatibiwa.

Lakini hadi saa hii kuna kitu kinanisumbua. Watu wote hao walisikia, wakabeba vitu vyao, wakaondoka kimya.

Hakuna hata mmoja aliyegonga mlango kuuliza kwa nini.

Wewe ungegonga?